NJIA YA SHAMBA KWA SIMU YA MKONONI

Maelezo kwa wakulima wanaokaa mjini na kulima mbali

Wako wakulima wengi wa Unguja ambao nyumba zao ziko mjini na mashamba yao yako mbali. Mtu hukaa Michenzani, akalima mpunga Cheju, au muhogo upande wa Jendele, au akawa na minazi na mikarafuu aliyorithi kwa wazee wake upande wa Kaskazini. Mkulima wa namna hii anaijua njia ya shamba lake kwa miguu yake mwenyewe. Lakini dereva wa gari ya mizigo haijui. Bwana Shamba mgeni aliyehamishiwa wilayani haijui. Wala mtoto wake aliyekulia mjini haijui, naye ndiye atakayelirithi shamba hilo.

Hasara ya jambo hili si ndogo. Mchicha uliovunwa alfajiri hunyauka kando ya njia wakati gari inazunguka kulitafuta shamba. Maradhi ya mimea huenea konde hata konde kwa sababu mtaalamu amekwenda pasipo. Na mtu akiumwa na nyoka porini, kila dakika ya kuulizana njia ni dakika ya hatari.

Siku hizi simu janja karibu zote zina chombo kiitwacho GPS, ambacho huonyesha mahali simu ilipo. Yafaa kila mkulima ajue kukitumia. Lakini kabla ya kuanza, shika neno hili moja: chombo hiki kinajua mahali kilipo, basi. Hakijui njia ipi imejaa maji wakati wa masika, wala hakijui shamba ni la nani. Ukilikumbuka hilo simu itakufaa. Ukilisahau itakutia hasara.

1. SIMU INAJUAJE MAHALI ILIPO?

Fikiri una minazi mitatu, na kila mnazi umeufunga kamba yenye urefu unaojulikana. Ukizivuta kamba zote tatu mpaka zikaze, ncha zake zitakutana mahali pamoja tu. Mtu akikutajia minazi hiyo na urefu wa kamba zake, utaweza kupapata mahali hapo hata kama hukupata kupaona.

GPS hufanya kazi kwa njia hiyo. Minazi yake ni setilaiti, nazo ni kiasi cha 30, zinazozunguka dunia kwa urefu wa kilomita 20,200 hivi juu ya ardhi. Kila moja hutangaza bila kukoma mambo mawili: mahali ilipo, na saa iliyotangaza. Simu hulipokea tangazo, hutazama limechelewa kiasi gani, na kwa kuchelewa huko hupata umbali. Ni sawa na mtu aonaye umeme wa radi kisha akahesabu mpaka asikie ngurumo: ngurumo ikichelewa, radi iko mbali. Tofauti ni kwamba sauti huenda mita 340 hivi kwa sekunde, na mawimbi ya setilaiti huenda kilomita 300,000 hivi kwa sekunde. Ukiigawa sekunde moja sehemu milioni, kosa la sehemu moja tu huleta kosa la mita 300. Saa ya simu si sahihi kiasi hicho, na kwa sababu hiyo simu huhitaji setilaiti ya nne ili iirekebishe saa yake. Zikipungua nne, haiwezi kukuonyesha mahali kwa uhakika.

Setilaiti ya kwanza ya GPS ilirushwa na Marekani mwaka 1978 kwa kazi za jeshi, na mpango wote ulikamilika mwaka 1995. Mpaka Mei 2000 Marekani ilikuwa ikiyapunguza makusudi usahihi wa matangazo waliyopewa raia. Sasa simu ikiwa mahali peupe kwa kawaida hukosea mita 5 hivi. Simu nyingi husikiliza pia setilaiti za Urusi (GLONASS), za Ulaya (Galileo) na za China (BeiDou), na hivyo hupata mahali upesi zaidi.

Angalia sana jambo hili: simu haipeleki chochote kwenye setilaiti. Husikiliza tu, kama redio. Kwa hiyo GPS yenyewe haili bando, na hufanya kazi hata pale pasipofika mnara wa simu. Kinachokula bando ni ramani inayoonyeshwa kwenye kioo. Ukiwa na ramani ndani ya simu tangu mjini, huna haja ya mtandao shambani.

2. MATAYARISHO KABLA YA KUONDOKA MJINI

Kwanza, jaza chaji. Kioo kinachowaka muda mrefu pamoja na GPS humaliza betri haraka. Punguza mwanga wa kioo, na ukizime wakati huhitaji kutazama.

Pili, ipakue ramani ya Unguja ukiwa bado una mtandao mzuri. Programu ya Google Maps inakubali kuhifadhi ramani ya eneo utakalochagua. Organic Maps na OsmAnd ni programu nyingine zinazofanya kazi bila mtandao baada ya kupakuliwa ramani. Chagua moja uizoee.

Tatu, ingia kwenye mipangilio ya simu uwashe sehemu iitwayo Mahali. Ikiwa imezimwa, programu haitaweza kukuonyesha ulipo.

Nne, toka nje. Ndani ya majumba ya ghorofa ya Michenzani zege huzuia mawimbi, na kuta ndefu huyarudisha kama mwangwi. Simu ikipokea mwangwi hudhani setilaiti iko mbali zaidi kuliko ilivyo. Vichochoro vya Mji Mkongwe vina tabia hiyo hiyo: unaweza kusimama kichochoro hiki na simu ikakuonyesha kile cha pili. Simama pahali ambapo mbingu inaonekana pande zote, na usubiri. Simu isiyo na mtandao huweza kuchukua dakika kadhaa kupata mahali kwa mara ya kwanza, kwani lazima isikilize matangazo ya setilaiti yanayokwenda polepole. Usiihukumu kuwa ni mbovu kabla hujaipa nafasi.

3. KUWEKA ALAMA YA SHAMBA

Alama huwekwa ukiwa shambani, si ukiwa nyumbani ukikisia kwenye ramani. Fanya hivi:

(a) Simama mahali peupe, mbali na paa la bati. Chini ya mikarafuu na miembe iliyofunga majani mawimbi hupungua nguvu, hasa majani yakiwa yamerowa. Toka uende penye uwazi.

(b) Fungua ramani. Utaona kidoti cha buluu, na mara nyingi kimezungukwa na duara la rangi hafifu. Duara hilo lina maana kubwa: simu inakwambia, "nimo humu ndani, lakini sijui ni wapi hasa." Duara kubwa, mashaka makubwa. Subiri dakika moja au mbili mpaka linywee.

(c) Gusa kidoti hicho, kisha uhifadhi mahali hapo na upape jina linaloeleweka, mfano "Cheju mpunga, kuingilia".

Ni vyema kuweka alama mbili kwa kila shamba. Ya kwanza iwe pale gari inapoweza kusimama; ya pili iwe katikati ya shamba. Dereva mpe ya kwanza. Ukimpa ya katikati, huenda akajaribu kukatisha kwenye tuta la jirani.

Unaweza pia kuweka alama kwenye mmea unaotaka kuurudia. Ukiona mihogo yenye dalili za michirizi kahawia, weka alama umwonyeshe Bwana Shamba. Kadhalika ukiona mihogo mizima katika konde lililougua, weka alama ili mtaalamu aitazame kabla ya kukata mbegu. Lakini kumbuka kosa la mita 5: alama itakufikisha jirani na mmea, haitakugusisha shina. Funga na kitambaa.

4. KUSOMA NA KUANDIKA NAMBARI ZA MAHALI

Kila mahali duniani pana nambari mbili. Ya kwanza, latitudo, huonyesha umbali wa kwenda kaskazini au kusini ya ikweta. Ya pili, longitudo, huonyesha umbali wa kwenda mashariki au magharibi. Mjini kwetu nambari hizi ni kiasi cha -6.16 na 39.20.

Alama ya kutoa iliyo mbele ya 6 si uchafu wa kioo. Ina maana ya kusini ya ikweta. Ukiisahau, nambari hizo zitampeleka mtu kusini mwa Ethiopia. Na ukigeuza mpangilio, ukaanza na 39.20 kisha -6.16, utakuwa umemwelekeza Hispania. Kwa hiyo andika alama ya kutoa, na andika latitudo kwanza.

Tena, usikate tarakimu zilizo baada ya nukta. Tazama kila moja inafaa nini:

Tarakimu mbili (-6.16): hatua ya kilomita 1 na zaidi kidogo.
Tarakimu tatu: hatua ya mita 110 hivi.
Tarakimu nne: hatua ya mita 11 hivi.
Tarakimu tano: hatua ya mita 1 hivi.

Mtu anayeandika tarakimu mbili tu ametaja mtaa mzima au bonde zima. Andika tano. Zikizidi tano hazikuongezei kitu, maana simu yenyewe haina usahihi huo.

Simu nyingine huandika kwa digrii, dakika na sekunde. Usichanganye namna hizo mbili: digrii 6 na dakika 9 si 6.09 bali ni 6.15, kwa sababu digrii moja ina dakika 60.

Ukishapata nambari ziandike kwenye daftari, pamoja na jina la shamba na la shehia. Simu huibiwa, huanguka mfereji wa maji, huharibika. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

5. KUFUATA NJIA

Ukichagua alama yako na kuomba njia, programu itachora mstari kwenye barabara inazozijua. Kutoka Michenzani mpaka Dunga huna shida, kwani barabara kuu zimo kwenye ramani. Shida huanza pale lami inapokwisha. Baada ya hapo programu nyingine huchora mstari ulionyooka mpaka kwenye alama. Mstari huo si njia. Unaonyesha upande tu, nao hupita juu ya mifereji, juu ya mipunga ya watu na juu ya maweni yenye mashimo.

Kwa hiyo ukifika mwisho wa barabara, acha kufuata mstari, fuata njia ya miguu iliyopo, na utazame simu kila baada ya mwendo kidogo kujua kama unakaribia au unaachana na alama. Wakati wa masika njia iliyopitika Januari huenda isipitike Aprili. Simu haina habari hiyo. Muulize unayemkuta njiani. Kuuliza si ujinga.

Ukiwa umesimama, simu huenda isijue umeelekea upande gani, na mshale wake ukageuka ovyo. Tembea hatua 20 kwa mwendo ulionyooka, mshale utakaa sawa. Kama bado una mashaka, tazama jua: asubuhi liko mashariki. Saa sita mchana mwezi wa Juni hukaa upande wa kaskazini, na mwezi wa Disemba upande wa kusini. Simu na jua vikipingana, amini jua.

Usitafute shamba kwa jina peke yake. Majina ya vijiji vyetu hurudiwa. Michenzani iko mjini Unguja, na Michenzani nyingine iko Pemba katika Wilaya ya Mkoani, ng'ambo ya bahari. Kabla ya kuanza safari, tazama programu imekuwekea kisiwa gani.

6. KUMWELEKEZA MTU MWINGINE

Watu husema, "Nitumie lokesheni." Hapa hutokea kosa moja mara nyingi. Mkulima amekaa nyumbani Michenzani. Dereva anamwomba lokesheni ya shamba. Mkulima anabonyeza "tuma mahali nilipo". Dereva anafika Michenzani, na tungule zinaendelea kuungua jua shambani. Simu haikukosea: imetuma mahali ilipo, kama ilivyoambiwa. Ikiwa hupo shambani, tuma alama uliyoihifadhi, au tuma nambari ulizoziandika.

Fahamu pia kwamba kuna lokesheni ya mara moja na lokesheni inayokwenda pamoja nawe. Ya pili hukufuata kila unapokwenda mpaka muda wake uishe, na hula betri. Kwa kuonyesha shamba, ya mara moja inatosha.

Pamoja na nambari, mpe mgeni maneno: shehia, barabara ya kuingilia, na kitu kimoja kinachoonekana, kama msikiti, skuli au mbuyu. Nambari humfikisha karibu, maneno humfikisha mlangoni. Wala usitangaze alama ya shamba kwenye makundi ya watu usiowajua, hasa wakati wa mavuno ya karafuu. Mwizi naye ana simu.

Kwa upande wetu mabwana shamba, alama iliyo sahihi inatusaidia sana. Mwaka 2018 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilitoa programu iitwayo FAMEWS kwa ajili ya kiwavijeshi vamizi wa mahindi, na kila taarifa iliyotumwa ilibeba mahali ilipotoka. Sababu ni wazi: mdudu huyu huruka akiwa nondo, na anayejua alikoonekana leo anaweza kuonya wa jirani kabla ya kesho. Taarifa isiyo na mahali haimwonyi mtu.

7. KUPIMA UKUBWA WA SHAMBA

Programu nyingine hukuwezesha kuzunguka shamba ukiwa na simu, kisha zikakupa ukubwa wake. Eka moja ni mita za mraba 4,047. Eka tatu ni mita za mraba 12,141, karibu hekta 1 na robo.

Kazi hii ina faida. Ukiagizwa kutia mfuko mmoja wa mbolea wa kilo 50 kwa eka, na konde uliloliita eka moja kumbe ni robo tatu, kipimo chako ni kilo 37 na nusu. Zilizobaki ni fedha yako uliyokuwa ukiimwaga.

Lakini pima kwa akili. Tuseme konde ni mraba wa mita 32 kwa 32, yaani kiasi cha robo eka: mita za mraba 1,024. Simu ikikosea mita 3 upande mmoja, itasoma 35 kwa 32, ambayo ni 1,120. Hilo ni kosa la karibu sehemu moja katika kumi. Sasa chukua shamba la eka tatu, mita 110 kwa 110, yaani 12,100. Kosa lile lile la mita 3 linaleta 12,430, ambalo halifiki sehemu tatu katika mia. Maana yake ni kwamba simu inafaa kwa shamba kubwa. Kwa konde dogo na kwa matuta ya mboga, tumia kamba au futikamba.

8. SIMU HAIAMUI MPAKA

Hapa nakuomba usome kwa makini, Ndugu Mkulima, kwa kuwa jambo hili laweza kuvunja ujirani wa miaka mingi.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 Serikali iligawa ardhi kwa wananchi, eka tatu tatu. Mipaka mingi ya mashamba hayo na ya yale ya urithi hujulikana kwa miti, mawe, njia na kauli za wazee. Wazee wanaondoka, miti inakatwa, na vijana wanatoa simu mfukoni. Mmoja anasema, "Simu yangu inaonyesha mpaka uko hapa." Wa pili anazunguka na yake, inaonyesha hatua tano mbele. Wote wawili wamesoma walichokiona, na hakuna aliye na ushahidi. Ukanda wa mita 5 kwa urefu wa mita 110 ni mita za mraba 550, zaidi ya moja ya nane ya eka. Hicho ni kiasi cha ardhi kinachoweza kupotea ndani ya kosa la kawaida la simu.

Wapima ardhi hutumia vyombo vingine, vinavyosahihishwa kutoka kwenye alama za kudumu ardhini, na usahihi wake ni wa sentimita. Serikali pia ina picha za kisiwa kizima: mwaka 2016 ilianza kazi ya kuipiga picha Unguja na Pemba kwa ndege ndogo zisizo na rubani, ikishirikisha Kamisheni ya Ardhi, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Benki ya Dunia. Hata picha hizo huonyesha kilichopo juu ya ardhi tu. Hazisemi ardhi ni ya nani.

Basi ukiwa na shaka ya mpaka, usihamishe jiwe wala usikate mti kwa sababu ya simu. Mwite jirani, mwite Sheha, waiteni wazee wanaokumbuka, na mkihitaji, mpelekeeni mpima ardhi. Simu itumieni kwa kazi moja nzuri: piganeni picha mbele ya kila jiwe mlilokubaliana wote, na kila mmoja aandike nambari zake kwenye daftari. Mwaka ambao nyasi zitalifunika jiwe, nambari zitawaonyesha pa kufyeka.

9. MAMBO YA KUKUMBUKA

1. GPS haihitaji bando. Ramani ndiyo inayohitaji. Ipakue mjini.
2. Simama nje penye mbingu, usubiri duara linywee.
3. Weka alama mbili: pa kuingilia na katikati ya shamba.
4. Andika latitudo kwanza, kwa alama ya kutoa, na tarakimu tano baada ya nukta. Weka kwenye daftari.
5. Mstari ulionyooka si njia. Uliza watu, tazama jua.
6. Ukiwa nyumbani, tuma alama ya shamba na si mahali ulipo.
7. Konde dogo lipime kwa kamba.
8. Mpaka huamuliwa na watu na mpima ardhi, si na simu.

Safari ijayo utakapokwenda shamba, mchukue mmoja wa watoto wako. Yeye ashike simu, wewe umwonyeshe njia na mawe ya mpaka, na umtajie jina la kila mti mkubwa. Wekeni alama pamoja. Ukikwama katika lolote lililoelezwa hapa, nenda ofisi ya kilimo ya wilaya yako ukiwa na simu na daftari lako, na Bwana Shamba atakuonyesha.